Litowa na Mtaa wa Lumumba

Ukitoka Mnazi Mmoja ukashika Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, unapita kwenye majengo mawili ambayo mkulima wa Tanzania hana budi kuyajua, hata kama hajawahi kukanyaga mjini. La kwanza ni ofisi ndogo ya CCM, mahali ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, enzi hizo mtaa ukiitwa New Street. La pili ni jengo la Ushirika. Ukiyaacha yote mawili nyuma ukaingia kwenye mitaa ya ndani, unatokea Soko la Kariakoo. Chama, ushirika na soko vimepakana hapa kama majirani wa nyumba za Waswahili. Mahindi hulimwa mbali, lakini nani alime kwa utaratibu gani, amuuzie nani na kwa bei gani, ni mambo ambayo kwa miaka mingi yamepangwa ndani ya eneo hili ambalo mtu analizunguka kwa miguu bila kuchoka.

Kijiji cha Litowa kiko wilaya ya Songea, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa. Vijana waliokianzisha hawakuagizwa na mtu. Waliouvunja mtandao wake hawakuwa wakulima wake. Kati ya mambo hayo mawili ipo miaka tisa ambayo nchi hii ingepaswa kuifundisha shuleni, kwa sababu kabla neno ujamaa halijawa amri, palikuwa na wakulima waliolitenda kwa hiari yao na wakafanikiwa.

Shamba lililogeuka mji

Kariakoo yenyewe ilikuwa shamba. Palikuwa na minazi ya Mjerumani mmoja aliyeitwa Schoeller, na serikali ya Kijerumani ililinunua eneo hilo muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili lipimwe viwanja vya Waafrika. Vita vilipofika, Waingereza waliuteka mji na jeshi lao la wapagazi likapiga kambi hapo. Jina la jeshi hilo ndilo lililobaki kuwa jina la mtaa. Mwaka 1923 soko likafunguliwa. Kwa hiyo tangu mwanzo Kariakoo ilikuwa makutano ya watu wa bara na chakula cha bara. Wazaramo walileta mihogo na nazi, Warufiji wakaleta mchele na maembe, na kila kabila lililofuata kazi mjini likapata mtaa wake, msikiti wake au kanisa lake, na mama lishe anayepika chakula cha kwao.

Wangoni na Wamatengo kutoka Songea walichelewa kidogo kufika. Nchi yao ilikuwa imepigwa vibaya katika Vita vya Majimaji. Wazee wao wengi walinyongwa mjini Songea Februari 1906, na baada ya hapo njaa ikafagia vijiji. Enzi ya Waingereza, Songea ikawa chimbuko la manamba. Wanaume walipakiwa kwenye malori kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakarudi baada ya miezi mingi na blanketi, senti chache na kikohozi. Wengine hawakurudi kabisa; waliishia Dar es Salaam, kwenye vyumba vya kupanga vya Kariakoo, Ilala na Magomeni.

Hata hivyo Songea haikuwa ngeni kwa ushirika. Tangu 1936 walikuwa na Ngomat, chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichouza tumbaku yao. Lakini ushirika huo ulikuwa wa kuuza tu. Kila mtu alilima kwake, akapeleka mzigo ghalani, akasubiri malipo. Kulima pamoja, kula pamoja na kupanga maisha pamoja lilikuwa jambo ambalo vyama vya ushirika vya Tanganyika vilikuwa havijalijaribu.

Vijana wa mwaka 1960

Mwishoni mwa 1960, uhuru ukiwa umebaki mwaka mmoja tu, kundi dogo la vijana wa TANU wa Songea walihamia porini mahali paitwapo Litowa. Aliyewaongoza aliitwa Ntimbanjayo Millinga. Walikuwa wamesikia hotuba nyingi za uhuru, na swali walilojiuliza lilikuwa jepesi kulitaja na gumu kulijibu: bendera ikishapanda, sisi tutaishi vipi? Hawakutaka kurudi kwenye mkonge, wala hawakutaka kila mmoja akalime kipande chake peke yake mpaka azeeke. Wakaamua kufyeka msitu pamoja.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Walifika bila akiba ya chakula na njaa ikawarudisha makwao. Lakini 1961 walirudi tena, safari hii wakiwa wamejifunza kwamba pori hulipokei kwa imani peke yake: kwanza uwe na chakula cha kukufikisha mavuno, halafu ndipo ulete wake na watoto. Mahindi na maharage yakatangulia, na tumbaku ikafuata kwa ajili ya fedha.

Mwaka 1963 akaja kuishi nao Mwingereza Ralph Ibbott pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Familia hiyo ilikuwa imetoka Rhodesia ya Kusini, kwenye shamba la misheni la St Faith's, ambako Waafrika na Wazungu walifanya kazi pamoja bila kubaguana, jambo lililowachukiza walowezi. Ibbott hakuja kuwa bwana shamba. Alikuwa mshauri, aliyeishi kijijini na kusaidia kupanga hesabu na kutafuta misaada midogo kutoka nje. Vijiji vingine vya jirani vilipotaka kuiga Litowa, iliundwa jumuiya ya kuviunganisha, Ruvuma Development Association, au RDA kwa kifupi. Ilipofika 1969 vijiji vyake vilikuwa zaidi ya 15.

Siku ya kazi na usiku wa mkutano

Kilichoitofautisha Litowa ni mkutano. Mamlaka ya mwisho yalikuwa kwa wanachama wote wakiwa wamekaa pamoja, na wanawake walihesabiwa humo kuwa wanachama kamili. Hapo ndipo ilipopangwa kazi: nani aende shamba la mahindi, nani afyatue matofali, nani ahudumie kuku. Hapo ndipo viongozi walipochaguliwa, na hapo ndipo walipoulizwa. Mtu mzembe hakupelekwa kwa mkuu wa wilaya; aliitwa mbele ya wenzake. Mavuno yakiuzwa, kwanza lilitengwa fungu la kukuza kijiji, kisha wanachama wakagawana kilichobaki. Kwa kuwa kila mmoja aliona hesabu, ugomvi wa fedha, ambao ndio kansa ya ushirika kote duniani, ulipata dawa mapema.

Mama akienda shambani, mtoto mchanga alibaki kwenye kituo cha kulelea watoto cha kijiji, akapewa chakula chenye lishe kuliko uji mtupu wa nyumbani. Tuwaze uzito wa jambo hilo katika miaka ya 1960, kwenye wilaya ambayo kumzika mtoto lilikuwa jambo la kila msimu. Na kwa sababu mwanamke alikuwa na kazi inayotambuliwa, fungu lake na sauti yake mkutanoni, mambo ambayo wanaume waliyaita ya ndani ya nyumba, kama kumpiga mke, yalianza kuulizwa hadharani.

Shule ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, ilipokea watoto wa vijiji vingine vya jumuiya. Walisoma, walilima, walikuwa na mikutano yao wenyewe, na walifundishwa kwamba mwisho wa elimu si kuhamia Dar es Salaam bali kurudi kijijini na ujuzi. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mambo mengi ya Litowa yalionekana ndani yake. Toroka mwenyewe aliandika juu ya shule hiyo katika jarida la Mbioni, lililotolewa na Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam.

Jumuiya haikuishia kwenye jembe. Mjini Songea ilikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Ilikuwa na kiwanda cha mbao na karakana. Ilianza ufumaji wa sufu. Yaani wakulima walianza kushika kile ambacho kawaida humponyoka mkulima: hatua ya pili ya mazao yake, ile inayoleta faida.

Vijiji vya bei ghali na vijiji vya bure

Ili kuelewa kwa nini Mwalimu aliipenda Litowa, lazima tukumbuke serikali ilikuwa inafanya nini wakati huohuo. Kwa ushauri wa Benki ya Dunia, ilikuwa imeanzisha vijiji vya walowezi wapya wa Kiafrika, vyenye matrekta, nyumba za mabati na mameneja wa kuajiriwa. Kila kimoja kilikisiwa kugharimu takriban pauni 150,000. Watu waliohamia huko waliona wanaitumikia serikali, matrekta yakaharibika, madeni yakapanda. Aprili 1966 Mzee Rashidi Kawawa alitangaza kwamba serikali haitaanzisha vingine. Litowa, kwa upande wake, ilikuwa imeota kwa jasho la wanachama na misaada midogo tu. Mwalimu alipoandika Ujamaa Vijijini mwezi Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, alieleza kijiji cha watu wanaolima pamoja kwa hiari, wanaojiamulia wenyewe. Alikuwa ameshakiona kwa macho. Katika andiko hilo alisisitiza kwamba kulazimisha kungeua kitu chenyewe.

Lakini wazo likishaingia Mtaa wa Lumumba hutoka likiwa limevaa sare. Mwaka 1969 waraka wa Rais uliagiza idara zote za serikali zitangulize vijiji vya ujamaa. Kila mkoa ukataka idadi. Mkuu wa mkoa aliyekuwa na vijiji vingi alionekana mjamaa kuliko mwenzake. Mwaka huo vilihesabiwa vijiji 809 nchi nzima. Ilipofika 1973 vilikuwa 5,628. Vijiji haviongezeki kwa kasi hiyo kwa njia ya mikutano ya wanachama.

Septemba 1969

Ruvuma ilikuwa inamkera kila mtu aliyezoea kutoa amri. Viongozi wa mkoa walitaka wakulima walime tumbaku kwa mpango wao. Vijiji vya RDA vilijibu kwamba mkutano wao ndio utakaopanga. Chama kilitaka kila jambo lipite kwenye matawi yake; jumuiya ilikuwa na uongozi wake, fedha zake, na marafiki wa ng'ambo. Kosa lao kubwa halikuwa uvivu wala wizi. Walikuwa wanachama wa TANU waliokuwa na uwezo wa kusema hapana kwa kiongozi wa TANU.

Kamati Kuu ya chama ilikutana Septemba 1969 na kuipiga marufuku RDA. Vijiji vyote vya ujamaa, ilielekezwa, vitakuwa chini ya chama moja kwa moja. Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa chama hicho, na uamuzi ulipita. Huko Songea mali za jumuiya zilitwaliwa, mashine ya kusaga ikiwa mojawapo. Walimu wa shule ya Litowa wakatawanywa. Familia ya Ibbott na wageni wengine wakaondoka nchini. Watu walibaki, na mashamba yalibaki, ila ule utaratibu uliowaunganisha ulikuwa umeng'olewa na mizizi yake. Kijiji kimoja, Matetereka, kilishikilia kazi ya pamoja kwa miaka mingi baadaye bila jumuiya na bila ulinzi wa mtu yeyote. Ndiyo maana ni vigumu kusema kwamba njia yenyewe ilikuwa mbovu.

Amri yafika Kariakoo

Kilichofuata kinakumbukwa na kila familia ya Kitanzania. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni agizo, na mwisho wake ni 1976. Zaidi ya watu milioni 5 walihamishwa, wengine kwa malori ya jeshi, wengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao ili wasirudi. Hata Dar es Salaam haikupona. Ng'ambo ya bandari, Mbwamaji, kijiji cha kale cha Washomvi chenye makaburi ya mawe yaliyotangulia mji wenyewe, kiligeuzwa kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, na watu wa mjini wakapelekwa kuungana na wenyeji kulima. Wasio na kazi waliokamatwa kwenye vijiwe vya Kariakoo walijua kwamba lori la mgambo likija, safari ni ya shamba.

Na katika miaka hiyohiyo Kariakoo lilikuwa linajengwa soko jipya. Mbunifu wake alikuwa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wa Kiafrika nchini. Alilipa paa la zege lenye miavuli mikubwa inayopokea mvua na kuleta kivuli, na chini yake akachimba ghorofa ya shimoni ambako mazao ya jumla yangeshushwa na kupimwa. Lilifunguliwa Desemba 1975. Tulijenga nyumba kubwa ya chakula wakati mashamba yalikuwa yamevurugwa. Ukame wa 1973 hadi 1975 uliongezea, serikali ikalazimika kununua nafaka ng'ambo, na wakazi wa Dar es Salaam wakauzoea unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano wa msaada, uliopatikana kwa foleni.

Halafu ikaja zamu ya jengo la Ushirika. Sheria ya vijiji ya 1975 ilikuwa imekifanya kila kijiji chenye kaya zisizopungua 250 kuwa chama cha ushirika chenyewe, kwa hiyo ikaonekana vyama vikuu havina kazi tena. Tarehe 14 Mei 1976 vilifutwa vyote kwa siku moja, Ngomat ikiwamo, vyama ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga tangu ukoloni kwa senti zao. Badala yake zikaja mamlaka za mazao, na Shirika la Usagishaji la Taifa likawa mnunuzi wa nafaka. Kwa haki tukumbuke pia kwamba bei moja ya mahindi nchi nzima iliwanufaisha watu wa mbali: Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa zikawa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na malori ya Songea yakaanza kuilisha Dar es Salaam. Lakini mkulima alilipwa akichelewa, kwa bei asiyoipanga, na shirika ambalo hakulichagua.

Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya 1982. Mwaka 1984, alipoulizwa na waandishi ni kipi angekifanya tofauti kama angeanza upya, Mwalimu alitaja mambo mawili: kufuta serikali za mitaa na kufuta ushirika. Ni ushujaa kwa kiongozi kukiri hivyo angali madarakani. Ningetamani angeitaja na Litowa, kwa maana kosa la 1976 lilifanyiwa mazoezi 1969.

Mizani ni ya nani

Leo nafaka za jumla zimehamia zaidi Tandale na Manzese, mboga na ndizi ziko Ilala, Mabibo na Temeke Stereo. Soko la Amuli liliungua Julai 2021, likakarabatiwa na kuongezewa jengo jipya. Lakini simama popote yanaposhushwa magunia ya kutoka nyanda za juu kusini utazame juu ya gunia. Utaona lumbesa: gunia limejazwa mpaka mdomoni, kisha limeshonewa kilemba kinachobeba debe moja au zaidi juu yake. Sheria ya vipimo inakataza. Mkulima anajua inakataza. Anaridhia kwa sababu kijijini kwake mwenye lori ni mmoja, deni la mbolea limefika, na yeye amesimama peke yake mbele ya dalali. Kilo zile za kilemba ndizo ada ya shule ya mtoto.

Tunayo majibu ya aina nyingi kwenye makaratasi. Sheria ya ushirika imeandikwa upya 1991, 2003 na 2013. Tuna AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, karibu kila kata, tuna stakabadhi ghalani, tuna minada. Mengi ya hayo ni mema, na ufuta na mbaazi za kusini zimepata bei nzuri kuliko zamani. Ila bado iko tabia ya Mtaa wa Lumumba ya kukitazama chama cha ushirika kuwa mkono wa serikali: mazao yapite hapa, msimu huu, kwa agizo. Mkulima anasajiliwa, anakatwa makato, na siku ya mkutano anasomewa taarifa.

Litowa ilitufundisha kipimo kimoja cha kupimia ushirika, na kinatumika Songea sawa na Kariakoo. Uliza kama wanachama wanaweza kukataa. Wanaweza kumkataa meneja, kuikataa bei, kulikataa zao waliloagizwa kulilima, kisha wakaamka kesho yake chama chao kikiwapo? Kama wanaweza, hapo pana ushirika, hata kama ofisi yao ni kibanda cha nyasi. Kama hawawezi, walichonacho ni idara ya serikali iliyopewa jina zuri. Vijana wa 1960 walikuwa na haki hiyo kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa walijenga shule, wakawalea watoto wao na wakajisagia unga wao wenyewe. Wanaoandaa sheria ijayo ya ushirika waanze na haki hiyo. Mengine wakulima watayajenga.